Machozi Yenye Ruhusa

Sisi watu wa visiwani tumelelewa kunyamaza. Mtoto wa Unguja na wa Pemba hufundishwa mapema kwamba ya nyumbani hayatoki mlangoni, kwamba dhiki haipigiwi mbiu, kwamba aliyefiwa anatakiwa asubiri. Muulize mtu hali asubuhi, hata kama usiku kucha hakulala kwa yaliyomfika, atakwambia alhamdulillahi, kisha atakuuliza wewe na watoto. Sisemi kama ni vibaya. Nimelelewa hivyo na wanangu nawalea hivyo hivyo. Lakini kifua cha binadamu ni kile kile kila pahala, na yaliyomo lazima yapate pa kutokea.

Kwetu yanatokea kwenye nyimbo. Jambo hili nimelifikiria kwa miaka, na kila nikihudhuria shughuli nazidi kuliamini: nyimbo zinatutoa machozi kuliko hata misiba yenyewe, kwa sababu ndani ya wimbo mtu mwenye heshima zake ana ruhusa ya kufanya kitu ambacho nje ya wimbo kingeonekana kukosa haya.

Anayetaka kuliona hili kwa macho yake na aende taarab ya harusi, ile ya wanawake, ya usiku. Hakuna haraka. Wanawake wanaingia kwa makundi, mabaibui yanavuliwa mlangoni, na humo ndani kunanukia udi na asumini mpaka hewa inakuwa nzito. Upande wa bibi harusi wana sare zao, upande wa bwana harusi wana zao. Wapigaji wamekaa safu mbele: fidla, udi, qanuni imelazwa mapajani, akodiani, nai, dabo besi nyuma, dumbak na rika pembeni. Wanaanza na bashraf, muziki mtupu usio na maneno, huku watu wanasalimiana, wanapeana sambusa, wanamtafutia bibi mmoja kiti chenye mgongo. Mgeni hudhani hakuna anayesikiliza.

Kisha anasimama mwimbaji. Ubeti wa kwanza ukishatoka na waitikiaji wakaupokea, utaona mwanamke mmoja anainuka. Mkononi ana noti, kaishika juu kwa ncha za vidole ili ionekane. Haendi mbio. Anakwenda na mapigo, mabega yakicheza kidogo tu, na njia anayoichagua si ile ya karibu. Anazunguka, anapita mbele ya kiti cha mtu fulani, pengine anasita hapo, pengine hamtazami kabisa, halafu anakwenda kumtuza mwimbaji na kurudi zake kukaa. Hajasema neno. Ukumbi mzima umeelewa. Aliyelengwa ameelewa kuliko wote, na huenda katika wimbo unaofuata yeye ndiye atakayeinuka.

Maneno ni ya mtunzi wa shairi, sauti ni ya mwimbaji, mapigo ni ya kikundi, na machungu ni ya aliyeinuka. Kesho akiulizwa atajibu kwamba kaupenda wimbo, basi. Nani atamshika ushahidi? Fumbo limemfunua na kumstiri kwa wakati mmoja. Sijui sanaa nyengine yoyote inayomfanyia mtu ihsani kama hiyo.

Nina shangazi yangu Wete, Pemba, ambaye mumewe alifariki ghafla, asubuhi, kabla hajamaliza chai. Nilikwenda msibani. Shangazi alikuwa amekaa chumbani, uso mkavu, akiwapokea watu kwa mikono miwili, akiwauliza waliotoka mbali kama wamekula. Watu wakamsifu kwa subira yake. Akakaa eda yake, miezi 4 na siku 10, akatoka, akarudi kwenye shughuli zake za kila siku, na kwa tuliokuwa tukimtazama ilikuwa kama vile yamekwisha.

Baadaye akaolewa mtoto wa ndugu yake, na kikundi kikaletwa kutoka Unguja. Shangazi alivaa sare kama sote. Katikati ya usiku ukapigwa wimbo ambao wala haukuwa wa kifo. Ulikuwa wa mtu anayemngoja msafiri wake, mashairi ya kawaida tu, chombo na tanga na bandari, tuliyokwisha kuyasikia mara nyingi. Akainuka na noti ya shilingi 2,000. Alipofika katikati ya ukumbi akasimama. Mkono uko juu, noti iko juu, na yeye haendi mbele wala harudi nyuma, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti.

Hakuna aliyemwendea. Hakuna aliyemwambia asubiri. Msibani angeambiwa, tena na watu kumi kwa pamoja. Hapa waliachia. Na mwimbaji, ambaye hakuwa akimjua hata kwa jina, alimwona. Alikuwa amekaribia kuingia ubeti wa mwisho, akageuka, akaurudia ule ule uliomsimamisha. Waitikiaji wakaupokea. Akaurudia tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, akiuvuta mstari wa pili kama anayemngoja mtu avuke. Fidla zikamfuata. Wakamzungukia shangazi kwa ubeti mmoja mpaka yeye mwenyewe alipomaliza, akapiga hatua zilizobaki, akatoa noti yake, akajipangusa kwa mtandio, akarudi kitini, akala halua. Kesho yake jikoni, wakati wa kuosha masufuria ya biriani, hakuna aliyelitaja jambo hilo hata kwa mbali.

Tangu siku ile nawaheshimu waimbaji wa taarab kwa namna nyengine. Sauti nzuri ni kipaji, wengi wanacho. Kule kuona, kule kujua kwamba fulani hajamaliza na wimbo haufai kumwacha njiani, huo ni ujuzi. Wazee wetu waliokuwa wakitegea redio ya Cairo usiku wa Alhamisi ya mwanzo ya mwezi kumsikiliza Umm Kulthum waliujua vizuri. Yule bibi alikuwa anaweza kuushika mstari mmoja akaurudia na kuurudia, kila mara kaupinda kwengine, kwa vile ukumbi ulikuwa haujakubali aende mbele. Asiye na subira ataona anapoteza wakati.

Na hata ile bashraf ya mwanzo, ambayo watu wanazungumza juu yake, ina kazi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada, waliwapima watu ubongo wakati wakisikiliza muziki unaowasisimua mwili. Waligundua kwamba dopamini, kemikali ya raha, humwagika pale wimbo unapofika kileleni, na pia kabla yake, wakati msikilizaji anajua kitu kinakuja na bado hakijaja, tena katika sehemu mbili tofauti za ubongo. Niliposoma nilifurahi sana, maana ndiyo taarab hiyo. Kila kitu ndani yake ni kungojeshwa. Bashraf inakungojesha mwimbaji. Kiitikio kinakungojesha ubeti. Fidla zinaingia baina ya beti na kukungojesha neno ambalo tayari unalijua. Likija, mwili unakuwa umeshakaa tayari.

Kuna na suala la sauti zenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hulipita haraka. Jioni yoyote ukiwa mjini, pita Vuga, kwenye nyumba ya Culture Musical Club, wakati wa mazoezi. Fika mapema, umwone mpigaji wa qanuni akitega nyuzi. Qanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, kila tatu kwa sauti moja. Anazipitia zote kwa ufunguo mdogo wa chuma, kichwa kainamisha, sikio karibu na ubao. Daraja la nyuzi limekaa juu ya ngozi, na ngozi haipendi unyevu, kwa hivyo wakati wa masika hewa ya bahari inamrudisha nyuma kila anapodhani amemaliza. Halafu anavaa pete zake mbili kwenye vidole vya shahada, kila pete imebana kijiti cha kudonolea, anazijaribu nyuzi kutoka juu mpaka chini, na chumba kinabadilika.

Baadhi ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti, tuliyoyapokea kutoka kwa Waarabu yana sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina. Ukizitafuta utazikosa, kwa kuwa zimekaa baina ya vitufe viwili vilivyo jirani. Udi na fidla havina vikingamo shingoni, kwa hiyo kidole cha mpigaji ndicho kinachoitafuta ile sauti ya katikati, kwa sikio na kwa mazoea. Katika rast, mojawapo ya maqamu hayo, sauti ya tatu inakaa pale. Haina furaha kamili wala haina huzuni kamili. Nikiisikia naona ndiyo hali yetu haswa, ya mtu anayejibu alhamdulillahi na macho yanasema jengine. Mtu mwengine ataisikia vyengine, na hilo pia ni haki yake.

Muziki huu haukuanza kuwa wetu sote. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze qanuni, arudi aburudishe jumba la mfalme. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, klabu iliyopo mpaka leo. Waliimba kwa Kiarabu. Ilikuwa nzuri, siwezi kuibeza, lakini mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu mtaani Ng'ambo angelia kwa wimbo upi? Pengine kwa sauti, si kwa maneno.

Aliyeleta ruhusa hiyo kwa watu wote ni Siti binti Saad. Mzaliwa wa Fumba, binti wa wafinyanzi, aliyekuja mjini akitembeza vyungu. Alipoanza kupata jina, mahasidi walimwimbia kwamba amekuja mjini na kaniki, amekuwa mtu lini. Yeye naye hakugombana nao barazani. Akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na nasaba si hoja, aibu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri kwa chapa ya His Master's Voice, kwa Kiswahili. Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Siti alifariki mwaka 1950, na sauti yake ya kwenye santuri, ndogo, ya puani kidogo, imejaa mikwaruzo ya sindano, mpaka leo inanisimamisha nikiisikia dukani napita.

Wimbo wake ninaoufikiria zaidi ni ule wa Kijiti. Ni kisa cha kweli cha wakati wake: mgeni wa kike aliyekuja Unguja, akachukuliwa na mwanamme, akarejeshwa maiti. Aliyeua akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioishia kifungoni. Wafikirie watu wa Ng'ambo siku zile. Mahakama imeshasema, jaji hana wa kumuuliza, wenye kisa ni maskini. Siti akakiimba, na jina la muuaji akalitaja mwanzo kabisa. Hapo hapakuwa na fumbo. Miaka inakaribia mia, hukumu ya jaji hakuna anayeikumbuka kwa maneno yake, lakini watu bado wanakumbuka alivyofanya Kijiti. Ninapousikia hainijii huzuni. Inanijia hasira, halafu nyuma ya hasira faraja fulani, kwamba kulikuwa na mtu aliyesimama akasema. Hisia hiyo nayo inatoa machozi.

Bi Kidude alikuja nyuma ya Siti, akizijua nyimbo zake, lakini alikuwa mtu mwengine kabisa. Siti alikaa mkekani na kikundi chake. Bi Kidude alifunga ngoma kiunoni, akavua viatu, akavuta sigara. Alikuwa mwalimu wa unyago kwa wasichana wengi. Umri wake hakuujua yeye wala mtu mwengine kwa hakika. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Ulaya, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 mji wote ulijua kwa muda mfupi. Nilimsikia Ngome Kongwe akiwa tayari mkongwe, kashikwa mkono kupandishwa jukwaani. Alipofungua kinywa, watu walinyamaza ghafla, na mtalii mmoja mbele yangu alikuwa analia bila kuelewa hata neno moja. Sauti ilikuwa imekwaruza, nzito, imepasuka pembeni. Sauti nyororo zinapendeza. Ile ilikuwa haikuombi umpende. Ilikuwa inakwambia tu alikopita.

Baada yake wapo wanaoendeleza. Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu mwaka 2020 yenye nyimbo za bibi yake, na zamani wanawake waliachiwa kuimba tu, leo Tausi Women's Taarab ya Mariam Hamdani wanapiga vyombo wenyewe. Ukiwaona wasichana wameshika fidla na qanuni, ndipo utajua mambo yamesogea.

Nimesema sana habari za wanawake. Wanaume wa kwetu nao wana pao, na kwa wengi wao ni maulidi. Ukifika Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, kila mtaa una wake, ukiacha yale makubwa ya kitaifa ya Maisara. Barzanji, kisomo cha maisha na sifa za Mtume, inasomwa kwa zamu, msomaji mmoja akimpa mwengine, kila mmoja na mahadhi yake, na baina yao kasida. Watu wamekaa mikekani, kanzu nyeupe, kofia, chetezo kinapitishwa. Inapofikiwa habari ya kuzaliwa Mtume, wote wanainuka kwa pamoja. Mrashi unazungushwa, matone ya marashi yanakuangukia kichwani na mabegani, na mamia ya sauti zinaingia kwenye kumsalia.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu mkali, wa maneno machache. Aliuza vifaa vya baiskeli Mlandege, na nyumbani tulikuwa tukimsikia anavyofungua mlango tu, tunajua leo tuseme au tunyamaze. Usiku wa maulidi mtaani kwetu sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa mdogo wa kuweza kuchungulia. Nilimwona kasimama, mikono kaikunja tumboni, macho kafumba, na midomo inatetemeka. Alikuwa analia waziwazi, katikati ya wenzake ambao nusu yao walikuwa wanalia pia. Sikuwahi kumwona hivyo kabla. Nilirudi kukaa kwa mama na sikumwambia, lakini tokea hapo sikumwogopa tena vile. Kila mwaka nilikuwa naingoja ile sehemu, nimchungulie.

Wapo wanaosema maulidi ni ya dini na taarab ni ya dunia, visitiwe pamoja. Haki yao. Mimi nazungumzia kifua, na kifua nilichokiona ukumbini Wete na nilichokiona mkekani mtaani kwetu vilifunguka kwa ufunguo mmoja: sauti ya wengi inayopokea, na mapigo yanayokuchukua mpaka pale ambapo peke yako usingefika. Waliowahi kuitazama maulidi ya homu wanajua. Wanaume wamepiga magoti safu moja, bega kwa bega, wanainama na kuinuka na kuyumba kwa pamoja pole pole, madufu nyuma yao. Huwezi kutazama mmoja mmoja. Utaitazama safu.

Kwa hiyo nikiulizwa habari ya rusha roho, ile taarab ya kisasa, jibu langu ni fupi. Miaka ya tisini vilipokuja vinanda vya umeme na magitaa, na kina East African Melody wakatuinua sote vitini, nami nilicheza na bado nacheza. Mwanamke aliyedharauliwa mtaani anapata siku yake, anaimba waziwazi yaliyomkaa, na wenzake wanamshangilia. Ni raha kubwa. Machozi hayanitoki, kwa sababu wimbo umeshasema kila kitu na hakuna nilichobakishiwa cha kuweka changu ndani yake.

Nyimbo ambazo zimenigusa kuliko zote hazijapata kupigwa redioni wala ukumbini. Ni za bibi yangu na wenzake, wakati wa mchumo wa karafuu.

Wasiojua Pemba huona karafuu zikiwa zimeanikwa barabarani juu ya majamvi na kusifia harufu. Kazi ya usiku hawaioni. Karafuu zikishuka mtini huja zimeshikana kwenye vishada, na lazima zichambuliwe kabla ya kuanikwa. Baada ya isha, wanawake wa nyumba tatu nne hukutana ukumbini kwa mmoja wao, gunia linamwagwa katikati, kandili linawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Unachukua kishada, unakilaza kwenye kiganja, unakipinda kwa kiganja cha pili, karafuu zinadondoka huku, makonyo unayatupa kule, nayo yanauzwa. Baada ya saa moja kiganja kinakuwa cheusi na kinawasha. Baada ya saa mbili hakuna mwenye la kuzungumza tena. Hapo ndipo mmoja anaanzisha.

Anatoa mstari, wengine wanaupokea. Anatoa mwengine. Mistari mingine ni ya zamani, kila mtu anaijua. Mingine inazaliwa pale pale: mume aliyekwenda bara na hakuleta salamu, bei ya karafuu, mawifi. Watoto tulikuwa tumelazwa pembeni juu ya magunia matupu na tulitakiwa tuwe tumelala.

Usiku mmoja bibi alianzisha yeye. Aliimba mistari ya kawaida, ya mvua na shamba, kisha katikati ya hiyo akatia jina la mtoto wa kiume ambalo sikuwahi kulisikia katika ukoo wetu. Wenzake waliitikia kwa kulirudia jina lile, kwa sauti ya chini, na mikono yao haikusita: kishada, kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Bibi akalitia tena. Wakalirudia tena. Akamaliza, akaendelea na mambo ya mvua.

Asubuhi nilimuuliza mama lile jina ni la nani. Akaniambia lilikuwa la kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, aliyefariki akiwa anaanza kutembea. Akaniambia nisimuulize bibi. Na kweli, miaka yote iliyobaki ya uhai wake bibi hakunitajia hata mara moja kwamba aliwahi kuwa na mtoto yule. Lakini kila mchumo, usiku mmoja, alikuwa akilitia jina lake kwenye wimbo, na wenzake wote waliokuwepo ukumbini walikuwa wakimwitia.

Bibi ameshafariki. Katika wale wenzake wamebaki wachache. Mwaka jana nilikwenda na simu yangu, nikijua naweza kuzirekodi nyimbo zile kabla hazijaondoka na wenyewe. Nilimfikia mmoja wao, bibi wa watu, mwenye akili zake timamu na sauti yake nzima. Nikamwamkia, nikamweleza nilichofuata. Akakitazama kisimu kilichokuwa mkononi mwangu, akaniuliza: "Mwanangu, hicho kinajua kuitikia?"

Nikamwambia hakijui.

"Basi nitamwimbia nani?"

Hakukataa kwa ubaya. Alinipikia chai, akaniuliza habari za mama, akanipa na mfuko wa shokishoki wa kurudi nao. Kuimba hakuimba. Alisema nirudi wakati wa mchumo, nije na watu, na hao watu wawe wanajua kupokea, la sivyo nitamchosha bure.

Karafuu za mwaka huu zimeanza kukomaa. Binamu zangu wa Konde wamekubali kuja, na shangazi wa Wete atakuwepo. Mama, ambaye magoti hayamruhusu safari ya boti, ametufundisha viitikio anavyovikumbuka, usiku baada ya isha, kwa simu. Kimoja tumekishika vizuri. Cha pili bado tunakosea pa kuingilia, anatukatiza na kutuanzisha upya.